Kisanduku cha Kutafutia

Chumba hiki kilikuwa stoo ya madawati yaliyovunjika.
Hata leo ukifagia kwa pupa unaokota msumari.
Vishikwambi kumi na viwili,
darasa la nne watoto tisini na sita:
piga hesabu mwenyewe, mimi nilishapiga.
Vidole kwa zamu.

Maktaba yenyewe imo ndani ya kijiboksi
kisichofikia ukubwa wa boksi la chaki.
Hakili bando.
Nimekifunika kitambaa cha kufuma,
maana vumbi la Vingunguti halibagui,
na upepo ukigeuka unatuletea machinjioni mpaka ndani.

Zamani tulikuwa na kitabu kimoja kwa watoto sita,
na karatasi ya ukurasa wa thelathini na moja haikuwemo:
ilishafungia karanga za mtu.
Miaka mitatu nilifundisha kutoka thelathini
kwenda thelathini na tatu,
kama anayeruka mtaro.

Mwalimu Mbonea amebakiza muhula mmoja astaafu.
Wiki mbili nzima alisimama mlangoni, mikono nyuma,
kama aliyekuja kwenye msiba wa asiyemfahamu.
"Nywila yako, Mwalimu?"
"Nimesahau."
Nikampa nyingine. Jumatatu: "Nimesahau."
Ya tatu nikamwandikia kiganjani.
Akanawa, akala.
Mwisho nikamwambia, chagua mwenyewe
neno usiloweza kulipoteza.
Akafikiri. Akabonyeza kwa kidole kimoja,
herufi baada ya herufi:
nimesahau.
Tangu siku hiyo nikimuuliza ananiambia kweli tupu.

Pazi alitafuta simba.
Akaletewa manyoya, meno, swala kakabwa koo.
"Mbona hana jezi?"
Darasa likacheka, wa Yanga wakazidisha,
na Pazi, kwa hasira, akasoma kurasa zote kumi na mbili,
yeye ambaye ubao haujawahi kummaliza hamu.

Halafu Tunu.
Aliinamia kile kisanduku cheupe cha kutafutia
akaandika, akaandika, wenzake saba wakaanza kunung'unika.
Nikachungulia begani:
shikamoo naomba kitabu cha mtu ambaye bibi yake
macho yanamuuma asubuhi hayafunguki ahsante
Jibu likaja: Hakuna matokeo.
Akanitazama kama aliyefungiwa mlango na ndugu.

Nikapiga magoti.
Hiki hakina adabu, Tunu, wala hakina ubaya.
Ni kama yule wa dirishani pale zahanati,
anataka jina tu, habari za nyumbani hana nafasi nazo.
Toa shikamoo. Akafuta.
Toa naomba. Akafuta.
Toa bibi.
Kidole kikasita hewani.
"Simtoi yeye," nikasema, "ni neno tu."
Hata mimi sikujiamini nilipolisema.
Likabaki macho.

Vitabu saba.
Jicho la kipanga, tukalipita.
Cha tano kilisema maji yaliyochemshwa yakapoa,
kitambaa safi, kila jicho na chake,
na mwisho kabisa: mpelekeni kwa mganga wa macho, msingoje.
Akanakili nyuma ya daftari la hisabati,
hata nukta akanakili.
Alipomaliza akarudi kwenye kisanduku, kimyakimya,
akaandika shikamoo.

Hakuna matokeo.

"Marahaba," ikasema sauti kutoka kiti cha nyuma.
Mwalimu Mbonea, hakuinua uso
kutoka kwenye kitabu chake cha nyuki.
"Marahaba, mjukuu wangu. Bibi yameanza lini?"

Umeme ulikatika saa tano na dakika kumi.
Taa ya kijani ya kijiboksi ikafa.
Vishikwambi vikabaki na betri zao
na kila kimoja na ukurasa uleule uliokuwa wazi,
vichwa vinane vinane juu yake,
na hakuna aliyethubutu kuugusa
usije ukaondoka.