Yale Matope

Kiondo aliniletea kwenye flashi:
vipindi kumi, Kihispania mdomoni, Kiswahili chini.
"Mama Mkubwa, hii utaipenda, ni ya polisi."
Nikampa buku mbili na machungwa matatu ya Muheza.

Siku kumi, baada ya isha, Barabara ya Kumi na Mbili,
feni ikigeuza shingo kama askari asiyetaka kuona,
mimi na Mwantumu wa nyumba ya pili
tumekaa mkekani, bakuli la ubuyu katikati.
Tukampenda inspekta, mwanamke wa makamo
anayepasha kahawa ya jana
na koti lake ni lile lile tangu kipindi cha kwanza.
Nikasema: huyu ni mtu. Huyu amewahi kufanya kazi.

Umeme ulipokatika katikati ya kipindi cha sita
tulibaki gizani tukipeleleza wenyewe.
Mwantumu akamshika daktari.
Mimi nikamshika shemeji, kwa sababu ya viatu:
matope kwenye kisigino,
na siku ile mvua haikunyesha.

Kisha kipindi cha nane.
Marehemu akarudi.
Yule yule tuliyemwona mochwari, kidole gumba cha mguu kina lebo,
kumbe ni pacha!
Pacha ambaye mama mzazi mwenyewe
hakuwa na habari kwamba amemzaa.
Nikamtazama Mwantumu, aliyejifungua mara nne pale Bombo.
Akasema, "Labda ana usingizi mzito."

Kipindi cha tisa, inspekta wangu
akaiacha bastola ya ushahidi kwenye kiti cha gari,
kioo kimeteremshwa,
akaenda kununua mkate.

Mimi nimetunza vielelezo Chumbageni miaka ishirini na sita.
Najua panga lenye damu linavyoingia daftarini:
tarehe, saa, nani kaleta, nani kapokea, sahihi.
Namjua kuku aliyetotoa kwenye kikapu cha baiskeli ya wizi,
kesi ikipigwa kalenda mwaka wa kumi na moja,
na hakimu alipoiulizia niliisukuma mwenyewe hadi mahakamani,
tairi bapa, lebo mahali pake.
Ufunguo wa kabati lile ulining'inia shingoni
hata siku niliyomzika baba.
Na huyu anakwenda kununua mkate!

Muuaji, mwisho wa yote, akawa muuza maua
aliyepita sekunde nne kipindi cha pili.
Sababu: alikuwa na hasira.
Na viatu? nikauliza. Na yale matope?
Majina yakapanda kwenye kioo, watu kama mia,
hakuna hata mmoja aliyenijibu.

"Njia ya mwongo ni fupi," nikasema, nikizima,
"hawa wameirefusha vipindi kumi."

Mwantumu akatema mbegu ya ubuyu kiganjani,
akaitazama kwanza.
"Si ni wewe," akasema, "uliyeamini
kwamba lori la Shebughe liliharibikia Segera
siku tano, kila mwezi,
mahali pale pale, kifaa kile kile?"

Feni ikanigeukia, ikapita.

Miaka saba.
Sikuuliza jina la fundi. Sikudai risiti.
Alirudi na kucha safi,
mtu aliyeshinda chini ya lori siku tano,
nami nikampashia maji ya kuoga.
Msibani kwake wakashuka vijana wawili kwenye basi,
wana masikio yake,
nikawakaribisha chai, nikidhani ni wa ukoo wa Korogwe.
Kipindi kizima kikanipita mbele ya macho,
na mimi ndiye niliyeshika daftari.

Mwantumu alikusanya bakuli, akaaga.
Hakusema zaidi. Ana adabu zake.

Asubuhi Kiondo akapita na baiskeli, mguu mmoja chini:
"Mama Mkubwa, ile ya Wahispania, msimu wa pili umetoka.
Lakini wanasema ni mbovu kuliko wa kwanza."

Nikamwambia aniwekee.
Nataka kujua habari za yale matope.