Hesabu ya Puri

Umeuliza, Vazha, juzi kwenye simu,
ni nini kile kilichobweka nyuma ya sauti yangu,
na kabla sijajibu salio likaisha.
Basi nakuandikia. Ni mbwa.
Si mbwa kamili bado: ni tumbo, masikio mawili
na mkojo usiojua mipaka.

Eteri alimkuta chini ya ngazi za jengo letu,
ndani ya kasha la viazi, mvua ya Novemba ikimdondokea.
Kamwita Puri, maana ana rangi ya mkate
unapobanduliwa ukutani mwa tanuri alfajiri,
saa ninayotoka zamu, unga ungali kwenye nyusi.

Najua utakalosema. Pesa.
Nilikuwa na lari hamsini na tatu hadi mwisho wa mwezi.
Nikazipanga mezani, nikazipangua,
nikazipanga tena kana kwamba zingezaa.

Bakuli: kopo la mtindi. La maji, sufuria iliyovunjika mkono.
Mkanda wa shingo: mshipi wa Eteri wa darasa la kwanza,
nimeutoboa tundu jipya kwa msumari wa moto,
vidole viwili vipite kati ya ukanda na manyoya.
Cha kutafuna: soksi yako ya kushoto, mafundo matatu.
Ya kulia sijui uliondoka nayo vipi.
Choo: magazeti ya Bibi Tsitsino wa ghorofa ya pili,
anayeyasoma yote, hata matangazo ya vifo, ndipo anipe.
Sakafu naisugua kwa siki. Harufu ikibaki
anarudi palepale, kama mdai.

Anakula mara nne, kidogo kidogo, kama mgonjwa wa kifalme:
wali uliopondeka, karoti,
nyama ya shingo za kuku niliyoichambua mfupa baada ya mfupa.
Usiku wa kwanza nilimpa maziwa ya ng'ombe, kwa huruma.
Huruma ile niliideki hadi kukapambazuka.
Kitunguu, hapana. Na zabibu, Vazha,
sisi ambao mzabibu unatuingilia hadi barazani,
zabibu kwake ni sumu!
Eteri anapiga magoti kila jioni, anaokota punje.

Kitu kimoja sikukipunguza.
Daktari Gocha alitaja bei ya chanjo na dawa ya minyoo,
nami nikaanza kupatana, kama sokoni.
Akanitazama juu ya miwani:
"Mkate wa jana, mama, uza nusu bei.
Chanjo ya jana mimi siuzi."
Nikalipa. Zilizopungua nalipa kwa mikate miwili kila Jumamosi.
Asikanyage barabara, kasema, hadi sindano ya tatu,
kwa hiyo anatembezwa ndani ya kikapu,
na wale mbwa wazee wa mtaani, wenye vibati vya njano masikioni,
wanamkagua kama maafisa wa forodha.

Ila alilia. Usiku tatu.
Nikaifunga saa ya mama yako kwa taulo,
nikamlaza nayo, imgongee kama moyo.
Ikasaidia nusu.

Usiku wa nne niliamka kwa sababu ya kimya.
Koti lako halikuwepo kwenye ndoano ya mlangoni,
lile ulilosema litakungoja,
ambalo nimelipiga brashi kila Jumapili, majira mawili ya baridi,
tiketi ya basi ingali mfukoni.
Eteri alikuwa amelitandaza kando ya jiko
na Puri amelala ndani ya mkono wake, pua tu nje.

Nilifungua mdomo nigombe.
Kisha nikaliona linapanda, linashuka,
kidogo, kidogo,
kama lina mwenyewe ndani.

Nimeliandika kwenye hesabu: kitanda, lari sifuri.
Ukija, Vazha, njoo kiangazi.