Kanga Kizingitini

Nyumba yetu ya Mabela ilijengwa na mtu mwenye hamu ya upepo.
Baba aliyataka madirisha sita upande wa magharibi,
mapana, ya kioo kitupu,
kana kwamba ukiyafungua tu, Unguja yote itaingia
na harufu ya karafuu mkekani.
Kilichoingia ni jua.
Liliingia mwaka tisini na moja, halijatoka.

Tukapigana nalo kwa viyoyozi.
Viwili ukumbini, kimoja kwa wageni,
kimoja juu ya kabati la marehemu mama, kikitoa jasho
katika beseni ambalo kila alfajiri lazima mtu alimwage.
Kumi na moja kwa jumla. Vikinguruma pamoja
tulipiga makelele ili kusema "nipe chumvi."

Bili ya Agosti: riali mia na tisini.
Mume wangu Nabhan aliisoma amesimama,
akakaa, akaisoma tena,
kana kwamba kukaa kungeipunguza.

Ndipo Raiyan, mtoto wa dada yangu, mhandisi,
akaja na kamera ya kuona joto.
Akatutoa nje usiku, akatuonesha nyumba yetu:
paa jekundu kama kaa la moto,
kuta bado zikitema jua la mchana,
na chini ya mlango wa uani
mstari mmoja wa buluu, baridi yetu ikitoroka
kwenda kuwaburudisha paka wa jirani.
"Khaloo, mnailipia Mabela nzima."
Nikacheka. Nabhan hakucheka.

Wiki saba.
Rafikul na wenzake walipanda juu kabla ya jua
wakashuka saa nne, kwani baada ya hapo
zege linachoma hata kupitia soli ya kiatu.
Walilaza mabamba ya foma, wakamwaga saruji,
wakapaka rangi nyeupe mpaka njiwa waliotua
wakaonekana wachafu.
Tangi la maji likavishwa koti, likajengewa kivuli.
Uliyewahi kuishi huku unajua:
Juni tunazima hita, na bomba la baridi ndilo linalounguza,
mtu anatawadha mbiombio kama anayeiba.

Mlango wa uani ulipong'olewa
Rafikul akavuta kitambaa kilichosokotwa kizingitini,
kikavu, kigumu kama gome.
Kanga ya mama.
Nikaikung'uta. Maandishi yamebaki nusu:
NYUMBA NJEMA SI M
na hapo mchanga umekula.
Mama hakuwa na kamera. Alikuwa na kiganja,
akakipitisha chini ya mlango, akajua.
Na alijua pia kwamba mumewe hashauriki juu ya madirisha.

Ah, madirisha.
Raiyan alitaka yazibwe yote sita.
Tulibishana tangu adhuhuri hadi chai ikapoa mara mbili.
Mwisho tukaziba manne.
Tofali la kwanza, nikavumilia. La pili, nikapika.
Dirisha la tatu lilipofungwa nililia,
na mpaka leo sijui kwa nini la tatu.
Mawili yamebaki, vioo viwili viwili,
mbele yake kimiani cha mbao kinachokatakata jua
vipande vidogo, vya kuchezea watoto sakafuni.

Usiku wa kwanza tuliwasha vitatu tu,
vipya, vinavyopumua kama mtoto aliyelala.
Sikupata usingizi.
Nilisikia friji. Nilisikia saa ya ukutani
ambayo niliapa kuwa imekufa zamani.
Nilimsikia jirani akimfokea mwanawe kwa hesabu za kugawanya.
Kanga nimeifua, iko kambani. Mlango mpya hauitaki;
nimepitisha kiganja changu, mara tatu.

Nikamwambia Nabhan, "Nipe maji."
Kwa sauti yangu ya kawaida.
Akageuka gizani, akashtuka:
"Mbona unaninong'oneza? Kuna nini?"