Kipimo cha Fremu

Karani wa kamishna alifika Langoni saa tatu,
jasho kwapani, rais kwapani,
amezungushiwa gazeti la juzi.
Alipomkunjua juu ya benchi letu
vumbi la mbambakofi lilimpanda mashavuni,
karani akapuliza, fuu, fuu, kwa adabu,
kama mtu apozaye uji wa mgonjwa.

Fundi Shekuwe akatoa futi mfukoni.
Akapima picha. Akapima fremu kuukuu
iliyoshushwa ofisini pamoja na msumari wake.
Akacheka kwa pua.
"Amezidi inchi mbili. Huku na huku."

"Basi panua fremu," karani akasema.
"Huyu ni Amiri Jeshi Mkuu.
Huteua mawaziri, na akichoka huwafuta.
Mswada bila wino wake ni karatasi ya kufungia mahamri.
Mabalozi humpa mkono yeye kwanza.
Huyu hapunguzwi."

Fundi hakujibu. Alikuwa na tambuu shavuni,
na mwenye tambuu hahimizwi.

Mimi, mwanagenzi wa mwezi wa nne,
nilikuwa namwaza mjomba Bwanaheri
aliye jela ya Hindi kwa boriti ishirini za mikoko,
na mama, ambaye kila sikukuu ya taifa
hukaa na redio mapajani akingoja majina ya waliosamehewa,
kanzu ya nduguye imeshapigwa pasi.
Nikauliza, "Na kusamehe?"
"Husamehe. Lakini kuna kamati. Kamati humshauri."
"Na hakimu akikataa neno lake?"
Karani akatazama nje. Punda alikuwa anapita na mawe ya kujengea;
akamwacha apite mpaka mkia.
"Hakimu ana kiti chake."
"Na fedha?"
"Fedha ni Bunge."
"Na Bunge likichoka naye?"
"Wewe kijana, una kesi?"

Hapo Fundi akatema nyekundu ndani ya mkebe.
"Mwanangu," akamwambia karani,
"fremu hii ilitundikwa yeye hajajua kufunga viatu.
Huu ni mti. Ile ni nti.
Kila ayaye nikimpanulia inchi mbili
ukuta utakwisha, na nyinyi makarani mtaegemea wapi?
Kata karatasi."

Hakuna aliyetaka mkasi.
Karani alirudi kinyumenyume hadi kizingitini.
Nikaushika mimi.
Nilikata anga la buluu kwanza, kisha pindo la bendera,
kisha nikafika bega la koti, nikasita,
mkono unacheza kana kwamba nimeshasomewa mashtaka.
Fundi akasema, "Pita." Nikapita.
Ukanda mwembamba wa koti ukaangukia maranda.
Hakuna kilichotokea.
Kichochoroni mwuza mabuyu alitaja bei ileile.

Nilipobandua ubao wa nyuma niliwakuta wenzake:
wa kabla yake, na wa kabla ya huyo,
wamebandikana kifua kwa mgongo, manjano,
mmoja ameliwa sikio na mchwa.
Mafundi wa zamani hawakuwatupa,
waliwafanya tandiko ili kioo kisicheze.
"Waache," Fundi akasema. "Ndio wamkazao."

Karani akalipa mia tano, akataka risiti yenye kipimo kipya.
Fundi akaandika kile cha zamani.

Jioni mama akaniuliza nimeshinda na kazi gani.
"Nimemkata rais bega," nikasema.
Akaniziba mdomo kwa kiganja,
kiganja kina harufu ya pasi ya makaa.
Akasikiliza kama jirani amesikia.
Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini kuliko redio:
"Na mkono? Ule wa kutilia saini, umeuacha?"

Nikafikiri.
Picha ilikuwa ya kifuani kwenda juu.
Mikono haikuwamo.