Herufi Kumi

Shule ya Chamwino haitaki kunilipa mkononi.
Sare mia mbili arobaini, vifungo vyote nimevishona mwenyewe,
na mhasibu ananiambia, Lete akaunti, mama,
hela si maandazi.

Basi nikaja mjini.
Barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti yuko msibani Kongwa.
Aliporudi akanigongea muhuri, ukatoka nusu mwezi.
Kibali cha ukaazi, nakala mbili. Picha nne,
lakini si nyeupe nyuma, tunataka bluu;
mpiga picha wa Majengo hana bluu,
nikamtolea kipande cha sare zilezile akakitundika ukutani.
Jumatatu iliyofuata, mtandao umekwenda.
Umekwenda wapi? nikauliza.
Mlinzi alicheka. Bi Mbeleje, dirisha la tatu, hakucheka.

Kisha kidole. Gumba langu lina makovu ya sindano,
mashine hailisomi. Futa. Paka mate. Leta kingine.
Kati ya vidole kumi vinavyonilisha
kilikubalika kimoja, kile cha mwisho,
ambacho sijawahi kukipa kazi.

Jina la tatu?
Sina. Ninayo mawili.
La baba?
Baba ana lake.
Na mdogo wako?
Ana lake pia. Kwetu Ruyigi kila mtoto huja na lake, kama kitovu.
Kwa hiyo nyie hamna ukoo?
Ukoo tunao, dada. Hatuuandiki tu.

Kisanduku cha tatu kikawaka chekundu.
Nyuma yangu mwenye risiti za alizeti akakohoa kikohozi kisicho cha kifua.
Bi Mbeleje akaangalia saa, akaangalia foleni,
akaandika la kwanza mara mbili.
Consolata Consolata.
Nikawa mwangwi wangu mwenyewe, na mashine ikaridhika.

Wiki tatu, kadi ikatoka.
CONSOLATA C NDIHOKUBWA.
Limekatika, nikasema.
Nafasi ni herufi kumi, mama. Ni mfumo.

Nikasimama nje ya mlango wa kioo,
upepo wa Dodoma ukinisagia vumbi menoni,
nikahesabu kwa kile kidole kidogo. Kumi kweli.
Usiku niliozaliwa mkunga alisema huyu hafiki asubuhi.
Nilipofika wakaniita Ndihokubwayo,
yaani, nipo kwa ajili Yake.
Yo ndiye Yeye. Yo ndiyo waliyoiacha.
Sasa kadi yangu inasema
nipo kwa ajili ya
na hapo plastiki inaisha.

Chamwino, mhasibu anaigeuza kwenye mwanga wa dirisha,
anaiweka kando ya ankara yangu,
anavua miwani.
Mama, anasema,
haya majina mbona hayalingani?