Hodi ya Tatu

Mwezi wa nane, Hombolo, zabibu zimeiva
na nyuki wamelewa kabla ya watu.
Nachuma kwa mkasi,
tumbo la miezi saba likinitangulia kila mstari.
Kiu. Dumu la lita tano nalimaliza peke yangu,
na nikichutama nyuma ya uzio
muda si muda sisimizi wameshapanga foleni pale.
Nilicheka. Nilidhani ni utomvu wa zabibu miguuni.

Nesi Yaledi hakucheka.
Alinitoboa kidole, akakisoma kimashine,
akakisoma tena.
"Umekula nini?"
"Ugali wa uwele na mlenda."
"Na jana?"
"Ugali wa uwele na mlenda."
Akavuta kigoda, akakaa.

Mwili wako ni kijiji, alisema.
Chakula kimefika uwanjani, ndiyo hiyo sukari.
Kongosho linatuma mtu nyumba kwa nyumba: hodi!
Zamani waliitika, milango ikafunguka.
Sasa kondo la mtoto limewanong'oneza wenye nyumba
wawe wazito wa kusikia, mtoto ale kwanza.
Hodi. Kimya.
Hodi. Kimya.
Na adabu yetu unaijua: ya tatu isipoitikiwa,
mtu anageuka na kwenda zake.

Nikarudi nyumbani na kijiji changu,
nyumba zote zina njaa
na uwanjani chakula kinachacha.

Mtoto alitolewa kwa kisu, hospitali ya mkoa,
kilo nne na gramu mia saba.
Wodi nzima ikampokea kwa vigelegele:
Donge hilo! Mama alikuwa anakula nini?
Nikatabasamu na nyuzi zangu tumboni.
Ni muuguzi mmoja tu aliyemchoma kisigino mara tatu usiku ule
asimwambie mtu kwa nini.

Siku ya sita wakaja wale wasiobisha.
Hawana hodi hao. Wanaona ufa, wanaingia.
Mshono ukawa wa moto, ukatoa maji,
kisha maji yakawa na harufu
ambayo mume wangu alijifanya haisikii.
Mavyaa akanikanda. Akachemsha tena, akanikanda.
Jirani akasema ni jicho, kwa sababu ya zile kilo.
Saa saba mchana, jua la Hombolo limepasua udongo,
mimi natetemeka chini ya mablanketi mawili
na maziwa yananitoka bila kuombwa.

Bodaboda, kisha Yaledi, kisha gari la wagonjwa.
Daktari alikata nyuzi alizoshona mwenzake.
Wadudu, alisema, wamekuta karamu isiyo na mwenyewe,
na askari wako wa damu wanaogelea kwenye sukari,
wanafika wamechelewa, wanapepesuka.
Nikawakumbuka nyuki.

Siku kumi na saba.
Dripu mkono wa kushoto, mtoto mkono wa kulia,
na sindano ya insulini pajani, mjumbe wa kukodi
aliyepewa sauti kubwa kuliko wangu.
Kila asubuhi shashi inatoka, shashi inaingia.
Nilitaka wafunge juu, yaishe.
Hapana, kidonda hujaa kutoka chini,
ukikifunika mapema kinaoza kimya kimya.
Maneno hayo daktari aliyasema kuhusu nyama.
Mimi nililala nayo.

Kondo lilishatoka, likazikwa.
Yaledi anasema huenda milango ikafunguka yenyewe,
huenda isifunguke;
wiki ya sita nirudi, tena kila mwaka,
hata kama sina kiu,
hata kama sisimizi wamehama.

Leo mavyaa ameleta uji.
Nilijua ule wake wa uzazi, asali na samli hadi kijiko kinasimama.
Huu ni mwembamba, wa ulezi mtupu.
Ameuonja mwenyewe kwanza, mbele yangu,
akakunja uso kama aliyetafuna bichi.
"Hauna kitu humu," akasema,
akanipa bakuli kwa mikono miwili.