Nyinginezo

Dodoso namba mia mbili na kumi na mbili.
Micheweni, siku ya tatu, jua la saa sita,
wino umenivujia kidole cha shahada
(na shahada ndiyo niliyoifuata).

Swali la kumi na nne:
Kwa nini mtoto hukosa skuli? Tia alama ya vema.
Ugonjwa. Umbali. Uvivu. Msimu wa karafuu.
Na chini kabisa, kisanduku
kilichobanwa kama choo cha uani:
Nyinginezo.

Bi Mkasi Faki alikuwa akigonga kokoto.
Hakuiweka nyundo. Ikipanda, anavuta pumzi;
ikishuka, neno.
"Andika. Jozi ya viatu ni moja.
Riziki anasoma asubuhi, Saumu anasoma mchana.
Hukutana pale mferejini,
huyu anavua, huyu anavaa, vingali na joto la mwenzake.
Siku mwalimu akimbakisha Riziki afagie darasa,
Saumu hukaa pale pale, nyayo majini, anahisabu.
Kengele ikilia, basi, siku imekwenda.
Si mgonjwa. Si mvivu. Karafuu bado haijawiva.
Na hiyo skuli, paa lake si lile unaloliona?
Sasa hilo utalitia wapi?"

Nikakitazama kisanduku.
Hata kiatu cha mtoto hakiingii.
Nikatia alama, nikatoa ahsante
na mche mmoja wa sabuni
(kila mhojiwa mche mmoja, umo kwenye bajeti),
nikawahi gari kabla ya alasiri.

Kompyuta haikutaka viatu. Ilitaka tarakimu.
Nyinginezo ni tisini na tisa.
Bi Mkasi akawa tisini na tisa,
yeye na yule baba aliyesema mwanawe anaogopa bakora,
yeye na yule aliyecheka tu, akaingia ndani.
Jedwali la nne nukta saba: asilimia tatu nukta moja.
"Hawa wachache," msimamizi akaniandikia pembeni,
"usiwapotezee ukurasa."
Sikuwapotezea. Nikavaa joho.
Mama akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Leo mwaka wa kumi na tisa nafundisha Tunguu,
Mbinu za Utafiti, Jumanne na Alhamisi,
ukumbi wa feni mbili: moja inazunguka, ya pili inaitazama.
Nafundisha sampuli. Nafundisha upendeleo.
Nasema swali bovu halizai jibu zima,
na wao wanaandika, mpaka kikohozi changu wanakiandika.

Jumanne iliyopita, Salhina, wa safu ya nyuma,
akanyoosha mkono:
"Mwalimu, hawa Nyinginezo ni akina nani?"
Darasa likaangua kicheko.
Mimi nikageuka nikafuta ubao
usio na kitu.

Usiku nikalifungua kasha.
Mchwa wamenipita kusoma: wamemaliza utangulizi,
wamemaliza nadharia zote na waliozipinga.
Mia mbili na kumi na mbili imebaki nusu.
Ukingoni, kwa mwandiko wangu wa haraka haraka:
viatu, zamu.

Ndiyo hayo. Maneno mawili.
Majina ya watoto sikuyauliza.
Riziki na Saumu nimewapa mimi, usiku huu, kwa haya.
Mfereji nadhani ulikuwepo. Nyayo majini, siwezi kuapa.
Nyundo naweza.

Na miaka yote hii sijarudi Micheweni kusema:
Bi Mkasi, jibu lako nililitia pahala padogo.
Nauli ya boti si kubwa. Kubwa ni kufika pale
akaniuliza: wewe ni nani, na safari hii umeleta nini,
sabuni?

Mtihani wa mwisho wa muhula nimekwisha kuutunga.
Una swali moja, na si langu.
Mwanamke anagonga kokoto, anaeleza, kisha anauliza:
Sasa hilo utalitia wapi?
Alama mia.
Mwongozo wa kusahihishia sina.